Kumtafuta Mtu Yuleyule Mara Mbili

Kwetu Kabanga, wilayani Ngara, mzee akianza kupoteza nuru ya macho huwa tunayo majina mawili tayari: mtoto wa jicho au presha ya jicho. Akipimwa na kuambiwa hana hata kimoja, tunamalizia na jina la tatu: uzee. Hapo mjadala umeisha. Nani aliwahi kupelekwa hospitali kwa ajili ya uzee?

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia historia ya kilichojificha nyuma ya jina hilo la tatu. Wataalamu wanauita ugonjwa wa kuchakaa kwa makula. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ndiyo inayotuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua sura. Ikichakaa, katikati ya kila unachokitazama panaingia ukungu au giza, lakini pembeni panabaki pazima. Ndiyo maana bibi anaweza kuukwepa mtaro vizuri kabisa, halafu akashindwa kumtambua mjukuu aliyesimama mbele yake mpaka asikie salamu. Watu wasiojua wanasema anaigiza, au anaringa.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Mwaka 1874 madaktari wawili wa London, Jonathan Hutchinson na Warren Tay, waliandika ripoti ya wazee walioharibika sehemu hiyo ya jicho, katika jarida la hospitali inayojulikana leo kama Moorfields. Lakini kumwona mgonjwa siku moja ni sawa na kufungua kitabu katikati: hujui kilianzaje wala kitaishia wapi. Ukitaka kujua ugonjwa unavyoendelea, lazima umtafute mtu yuleyule tena, miaka kadhaa baadaye.

Kazi hiyo ilifanyika kwa subira kubwa katika mji mdogo wa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kati ya 1988 na 1990 walipimwa watu 4,926 wenye umri wa miaka 43 na kuendelea, kisha wakawa wanaitwa tena kila baada ya miaka mitano. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba vijidoa vidogo vya njano kwenye retina vinaweza kukaa miaka mingi bila madhara makubwa, ila vikubwa ni dalili ya kwamba hali inaweza kuwa mbaya. Tatizo ni kwamba karibu wote waliopimwa walikuwa Wazungu. Huku Afrika ikazoeleka kusemwa kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa watu weusi. Kumbe ni wachache mno waliokuwa wamewahi kuutafuta!

Aliyeutafuta karibu na sisi ni Dkt. Wanjiku Mathenge, daktari wa macho Mkenya. Mwaka 2007 na 2008 timu yake ilipima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru, Kenya. Walipiga picha za retina, na picha hizo zikasomwa Moorfields, hospitali ileile ya Hutchinson na Tay. Dalili za awali zilionekana kwa takriban watu 11 katika kila 100. Waliofikia hatua ya mwisho walikuwa kama mmoja katika 100. Yaani ugonjwa ulikuwapo siku zote.

Mwaka 2013 na 2014 timu iliyoongozwa na Andrew Bastawrous ilirudi Nakuru kuwatafuta watu walewale. Miongoni mwa wasiokuwa na ugonjwa mwanzoni, takriban 16 katika kila 100 walikuwa sasa na dalili za awali. Waliofikia hatua ya mwisho hawakutimia hata mmoja katika 100. Lakini mimi namba iliyonikamata ni nyingine: kati ya wale 4,414, waliopatikana na kupimwa tena ni 2,171. Nusu tu.

Ile nusu nyingine ni historia pia. Wazee hufa, wengine huhama. Na upimaji wa kwanza uliangukia kipindi kilekile cha machafuko ya baada ya uchaguzi, yaliyowatoa watu wengi makwao katika Bonde la Ufa.

Sasa hebu uhamishie kazi hiyo Ngara. Chukua mtafiti aliyepima wazee wa pande hizi mwaka 1993. Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Desemba 1996 wakarudishwa. Warundi nao wamevuka kuja na kurudi zaidi ya mara moja. Hapa Kabanga malori yanapanga foleni kwenda Kobero na kila mtu yuko njiani. Huyo mtafiti angerudi mwaka 1999 kumtafuta nani?

Ndiyo maana ninaogopa lile neno uzee. Mara nyingi ugonjwa huu unakwenda taratibu, kwa miaka. Lakini upo wa aina ambayo mishipa huvuja chini ya retina na kuharibu kuona ndani ya wiki chache, na huo una sindano za kuuzuia ukiwahiwa. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mzee afunike jicho moja, atazame fremu ya mlango au mistari ya daftari, kisha abadilishe jicho. Mistari ikionekana imepinda, huo si uzee. Ni safari ya hospitali, tena wiki hiyohiyo.

Na akishapimwa, matokeo yaandikwe na karatasi itunzwe. Mwakani atakayempima atahitaji kujua jicho hilo lilikuwaje mwaka huu.