Vipande Viwili Vizima, Kompyuta Moja Mbovu

Ukikaa kibarazani kwa fundi wa kompyuta hutakosa kukisikia kisa hiki. Mteja ana mashine nzima, ila inakwenda kwa kujikongoja. Anaongezewa kipande cha kumbukumbu, yaani RAM, chenye ukubwa ule ule wa kile kilichomo. Kompyuta inawaka, inahesabu kumbukumbu yote, mteja anaondoka akitabasamu. Siku ya tatu anarudi. Mashine inajizima katikati ya kazi au, baya zaidi, haijizimi bali inaandika upuuzi ndani ya jedwali la mishahara. Kipande kipya kikipimwa peke yake ni kizima. Cha zamani nacho ni kizima. Ugomvi uko kwenye ndoa.

Wengi hukimbilia kusema kwamba mteja amebambikiwa mali bandia. Pengine ni kweli. Lakini mzizi wa ugomvi huu una umri wa zaidi ya miaka 50, na haukuanzia sokoni.

Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM huko Marekani, alipata wazo la kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja tu. Hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Kapasita tuichukulie kuwa ni kijitungi cha umeme: kikijaa ni moja, kikiwa kitupu ni sufuri. Kasoro yake ni kwamba kijitungi hiki kinavuja, kwa hiyo lazima kijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde, la sivyo kompyuta inasahau yote. Dennard alifariki mwaka 2024, na vijitungi vyake bado vimo katika kompyuta na simu zetu.

Oktoba 1970 kampuni ya Intel ilitoa chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024, nayo ikaanza kuzifukuza zile kumbukumbu za vipete vya sumaku. Ila jambo linalotuhusu zaidi leo lilitokea mwaka 1973. Kampuni ya Mostek ilitaka chipu ya biti 4,096 yenye miguu 16, wakati washindani wake walikuwa na miguu 22. Miguu michache maana yake ni chipu ndogo na gharama ndogo. Walifanyaje? Waliigawa anwani mara mbili na kuipitisha katika miguu ile ile, kwanza safu ya mlalo, halafu safu ya wima. Ni kama kumwambia mtunza ghala, "Nenda rafu ya saba," ukangoja afike, ndipo ukamwambia, "Sasa boksi la tatu," ukangoja tena alitoe. Wahandisi walizipa subira hizo majina na vipimo. Ndizo hizo tarakimu ambazo fundi wa leo anazisoma kwenye lebo, kama vile 16-18-18, pasipo kujua kwamba anasoma ubahili wa mwaka 1973.

Enzi za vipande vya miguu 30 na 72 mambo yalikuwa mepesi. Chipu iliandikwa 60 au 70, yaani nanosekunde, ambazo kila moja ni sehemu ya bilioni ya sekunde. Ukichanganya ya 60 na ya 70, uliiweka mashine ifuate ile ya 70, basi. Shida kubwa ilikuwa kwamba kompyuta za Pentium, zilizoanza mwaka 1993, zilihitaji vile vya miguu 72 viwili viwili.

Kisha ikaja kumbukumbu inayofuata mapigo ya saa ya ubao, na hapo subira zikaacha kuhesabiwa kwa nanosekunde zikahesabiwa kwa mapigo. Mwaka 1998 Intel ilileta kanuni ya PC100, mapigo milioni 100 kwa sekunde. Pigo moja ni nanosekunde 10. Kipande cha daraja la 2 kinatoa jibu baada ya nanosekunde 20, cha daraja la 3 baada ya 30. Vyote viwili ni PC100, vinaingia tundu moja, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Ndiyo maana kwenye kila kipande kukawekwa kijichipu cha miguu minane, mfano wa cheti cha kuzaliwa. Ubao ukiwashwa husoma vyeti vyote na kuamua kwenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Mpango mzuri, mradi cheti kiwe cha kweli! Viko vilivyouzwa na cheti kitupu, na viko vilivyoandikwa kasi ambayo chipu hazikuiweza. Na hata cheti kikiwa safi, ubao wenyewe huweza kushindwa kukielewa: bao za Intel 440BX za mwaka ule ule wa 1998 ziliweza kusoma kipande cha megabaiti 256 chenye chipu nane kama nusu yake, kwa sababu chipu zile zilikuwa na ujazo ambao ubao haukuutarajia.

Hebu tusidhani kwamba ni mafundi wa vichochoroni tu wanaokwama hapa. Intel yenyewe iliamua kuhamia kumbukumbu ya kampuni ya Rambus, yenye kasi na bei kubwa. Septemba 1999 ililazimika kuahirisha mfumo wake wa 820, kwani matundu matatu ya kumbukumbu hiyo yalileta makosa. Ikatoka Novemba na matundu mawili. Ili wateja waendelee kutumia kumbukumbu ya bei nafuu, iliwekwa chipu ya kutafsiri kati ya lugha mbili. Mkalimani huyo naye akasumbuliwa na kelele za umeme, kompyuta zikawa zinakwama na kujiwasha upya, na Mei 2000 Intel ikatangaza kuzibadilisha bao hizo. Mimi naona ilikuwa haki yao. Walitaka kulilazimisha soko, na soko likaenda kwenye DDR, ambayo chombo cha viwango cha JEDEC kiliitangaza mwaka 2000.

Na leo? Vipande viwili vimeandikwa 3200. Kimoja kinafikia kasi hiyo kwa volti 1.2 na subira ya mapigo 22. Kingine kwa volti 1.35 na mapigo 16, lakini mpaka uwashe mpangilio wa ziada wa mtengenezaji. Usipouwasha kinarudi kwenye kasi ndogo. Ukiuwasha, yule wa kwanza huenda akashindwa. Fundi anayeijua kazi hupima kila kipande peke yake kwa programu ya kupima kumbukumbu, usiku kucha, kisha vyote pamoja. Makosa yakitokea vikiwa pamoja tu, hupunguza kasi kwa mkono au huongeza mapigo ya subira kabla ya kumwambia mteja atoe fedha nyingine.

Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zimechomelewa kumbukumbu moja kwa moja kwenye ubao. Humo ugomvi wa vipande umekwisha, na nafasi ya kuongeza kipande nayo imekwenda.