Utambuzi wa Mikoko kwa Mizizi na Majani

Mikoko ni miti na vichaka vinavyoota kwenye matope ya pwani yanayofunikwa na maji ya bahari yanapojaa. Kuanzia Lamu hadi Zanzibar na delta ya Rufiji kuna spishi zipatazo 10 tu, na zote zaweza kutambuliwa bila kungoja maua wala matunda. Wakata boriti wanalijua hilo siku nyingi; wao huujua mti kabla ya kuutia shoka.

Kwanza hutazamwa mizizi, na wakati wake ni maji yakishakupwa. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) hutoa mizizi shinani, juu ya ardhi, ikapinda na kushuka topeni mithili ya matao. Mizizi ya muia, ambao kwingine huitwa mshinzi (Bruguiera gymnorhiza), hutokeza juu ya tope kisha huzama tena, ikaacha magoti. Mchu (Avicennia marina) huzungukwa na vijiti vyembamba vilivyosimama wima, vya kupumulia. Mlilana (Sonneratia alba) nao unavyo, ila vyake ni vinene chini na vimechongoka juu. Mkomafi (Xylocarpus granatum) una mizizi bapa inayojipindapinda juu ya tope, na gome laini linalobanduka vipande vipande.

Maji yakiwa bado yamejaa, majani yatatosha. Mkoko na muia huwachanganya wengi, kwa kuwa yote miwili ina majani makubwa, mazito, yaliyokaa mawilimawili kwa kuelekeana. Geuza jani: la mkoko lina vidoa vyeusi upande wa chini na ncha iliyochongoka kama mwiba, la muia halina vidoa hivyo. Jani la mchu ni la kijivu chini, na ukililamba utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Msikundazi (Heritiera littoralis) una rangi ya fedha chini ya jani. Mkomafi pekee ndio wenye jani lililogawanyika kuwa vijani kadhaa.

Panapohitaji jicho la makini zaidi ni kati ya mkandaa (Ceriops tagal) na kikandaa (Lumnitzera racemosa). Yote miwili ni midogo, na ncha ya jani huweza kuwa na kipengo. Hapo usiangalie jani moja. Shika tawi zima. Majani ya mkandaa huelekeana, ya kikandaa hupishana.