Bani la tumbaku

Bani ni jengo la kukaushia tumbaku ya mvuke, zao kubwa la biashara mkoani Tabora. Katika Wilaya ya Uyui, yenye makao makuu Isikizya, na katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, hujengwa kwa matofali au udongo.

Moto huwashwa kwenye tanuri ambalo mdomo wake uko nje ya ukuta. Joto na moshi hupita ndani ya mabomba ya bati yaliyotandazwa chini, kisha moshi hutokea kwenye dohani. Majani, yaliyofungwa kwenye vijiti juu, hupata joto bila kuguswa na moshi.

Ukaushaji huchukua takribani wiki moja. Joto huanza chini ya nyuzi 40 za Selsiasi ili majani yageuke manjano, hupandishwa taratibu, na huishia karibu na 70 vikonyo vikikauka. Usiku lazima mtu akeshe: jani moja likidondokea bomba la moto, bani zima laweza kuteketea.

Kabla ya msimu, masizi huondolewa, mabomba yaliyotoboka hubadilishwa na nyufa huzibwa kwa udongo. Kuni zilizokauka vizuri hupunguza matumizi, na hivyo ukataji wa miombo.