Hesabu ya meli ilizaliwa mlimani

Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli ya kitalii ya Norwegian Dawn ilitia gati Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Picha zake zilifika Same kwa simu siku ileile, na swali lililozifuata ni la haki kabisa: kitu kirefu namna hii kinasimamaje? Urefu wake ni mita 294 na upana mita 32. Juu ya maji kuna ghorofa zaidi ya kumi, ilhali sehemu iliyozama ni mita 8 na ushei tu. Sisi wa Upareni tunajua kitu kirefu chenye msingi mfupi huishia wapi kukivuma, na upepo wa Same hauhitaji kusimuliwa.

Dereva wa fuso anayeteremsha tangawizi kutoka Mamba Myamba analo nusu ya jibu. Magunia mazito hukaa chini, vitu vyepesi juu, na gari lililopakiwa hivyo likifika kwenye kona kali huinama kidogo kisha hurudi. Akipandisha watu juu ya magunia, kona ileile inakuwa kaburi. Nusu ya pili ya jibu haimo kwenye gari, kwa sababu barabara haibadiliki gari linapoinama. Maji hubadilika.

Kwenye meli kubwa za kitalii mitambo, matangi ya mafuta na matangi ya maji huwekwa chini kabisa. Zile ghorofa zinazotutisha kwa urefu ni vyumba, kumbi na varanda, yaani hewa iliyozungushiwa chuma chembamba au alumini. Jicho linaona jumba zima kama jiwe moja, kumbe uzito mkubwa uko mahali jicho lisipofika.

Mabaharia wa mwambao walilijua jambo hili bila karatasi. Jahazi lisilo na shehena halikutweka tanga kabla ya kutiwa farumi, mawe au mchanga uliolazwa chini ya chombo ili kisilale upande kwa upepo wa kusi au kaskazi. Ngalawa ilipewa dawa nyingine: gogo jembamba likafungiwa mbao za kuelea kulia na kushoto, upana ukafanya kazi ambayo uzito haukuweza. Uzito chini na upana pembeni, hizo ndizo njia mbili, na hata Norwegian Dawn haina ya tatu.

Upare haikuwa mbali na elimu hiyo kama ramani inavyodanganya. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 ilipita bonde la Mto Pangani, chini ya milima yetu, kuelekea kwenye majahazi ya pwani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na katika miaka iliyofuata robota za katani za Makanya na Kisangara ziliteremka kwa njia hiyo hadi bandarini. Tanga meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, katani ikabebwa kwa matishari. Kule kwenye meli kulikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuamua mzigo upi ulale chini, upi uende juu na upi usogezwe pembeni.

Ulaya ilijifunza kwa msiba. Tarehe 10 Agosti 1628 meli mpya ya kivita ya mfalme wa Sweden, Vasa, iling'oa nanga Stockholm ikiwa na mizinga kwenye sitaha mbili. Kabla ya safari walikuwa wameijaribu kwa kuwakimbiza mabaharia 30 kutoka upande mmoja hadi mwingine, na jaribio likasimamishwa baada ya mara tatu kwa kuogopa isipinduke palepale gatini. Ikaruhusiwa kuondoka hivyohivyo. Haikumaliza hata kilomita mbili. Upepo wa ghafla uliilaza, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama machoni pa umati uliokuja kuishangilia. Waundaji wake hawakuwa wavivu. Walikuwa na mikono hodari na macho mazuri, ila hawakuwa na hesabu.

Hesabu hiyo ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye, na ilikotoka ndiko kunakonifanya niione historia hii kuwa yetu pia. Pierre Bouguer, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1698 na kufundisha wanamaji, alitumwa mwaka 1735 pamoja na wanasayansi wenzake kwenda Amerika ya Kusini, katika nchi ambayo leo ni Ekuado, kupima umbo la dunia. Alikaa miaka mingi katika milima ya Andes, akipiga kambi kwenye baridi ya Pichincha na kupima mvutano wa mlima Chimborazo, ambao kwa mita zake 6,263 unazidi mara mbili Shengena yetu yenye mita 2,462. Huko juu, mbali na bandari yoyote, ndiko alikoandika sehemu kubwa ya kitabu chake kuhusu meli. Kilichapishwa Paris mwaka 1746. Mtu aliyeueleza ulimwengu kwa nini meli haipinduki aliifanyia kazi hesabu hiyo mawinguni.

Alichokiona ni hiki. Meli inapoinama kulia, tumbo lake la kulia huzama zaidi na la kushoto huibuka. Nguvu ya maji inayoisukuma juu huhamia kulia, wakati uzito wa meli unaendelea kuvuta chini kutokea palepale ulipokuwa. Nguvu hizo mbili zikishaachana mahali, huizungusha meli na kuirudisha wima. Sasa chora mstari kutoka mahali ilipohamia nguvu ya maji kwenda juu. Unapokutana na mstari wa katikati ya meli ndipo ilipo nukta ambayo Bouguer aliiita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo, meli hurudi. Kikipanda juu yake, nguvu zilezile zilizokuwa zikiinyanyua ndizo zinazoimalizia.

Meli pana huwa na metasenta ya juu, na ndiyo sababu mita 32 za upana wa Norwegian Dawn zina kazi kubwa kuliko mita 8 zilizozama. Kanuni za kimataifa za leo zinataka umbali kati ya kitovu cha uzito na metasenta usipungue sentimita 15. Rudia kuisoma namba hiyo. Ni chini ya rula ya mwanafunzi, na chombo cha abiria kikiipoteza hakuna nahodha anayeweza kukiokoa kwa ushujaa. Kanuni hizohizo zinataka abiria wakijazana upande mmoja meli isiiname zaidi ya nyuzi 10, na kila abiria ahesabiwe kuwa na uzito usiopungua kilo 75.

Mtu anaweza kudhani basi dawa ni kujaza farumi bila kipimo. Hapana. Meli yenye kitovu cha chini mno hurudi kwa kishindo, watu na vyombo vikarushwa. Wabunifu wa meli za abiria huchagua myumbo wa taratibu, kisha huutuliza kwa mitambo. Meli ya Kiitaliano Conte di Savoia, iliyoanza safari mwaka 1932, ilifungwa magurudumu matatu makubwa mazito yaliyozunguka kwa kasi ili kupunguza kuyumba. Mapezi ya pembeni, yaliyobuniwa Japani katika miaka ya 1920 na kufungwa kwenye meli ya Kiingereza Isle of Sark mwaka 1936, ndiyo yaliyoshinda, na ndiyo yanayotumika hadi leo. Hujikunja ndani ya tumbo la meli bandarini na kufunguliwa baharini. Lakini mapezi hulinda usingizi wa abiria. Hayajawahi kuwa mbadala wa hesabu ya uzito.

Kiwanda kilichounda Norwegian Dawn mwaka 2002, Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, kina historia ndefu na nchi yetu. Mwaka 1913 kiliunda meli ya Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaunganishwa tena na kuingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaipa mzigo ambao haukuwa wa abiria. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilipoangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa na kusambazwa nchini. Mmoja ulifungwa kwenye sitaha ya Götzen, na kila tani iliyoongezwa pale juu ilipandisha kitovu cha uzito kama ilivyokuwa kwa Vasa. Mwingine uliletwa huku kwetu kaskazini, Kahe, kwenye reli hii yetu, na Wajerumani wenyewe waliulipua Machi 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Miezi miwili baadaye majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kando ya milima ya Upare yakifuata reli na mto. Götzen nayo ilizamishwa na wenyewe Julai 1916, ikiwa imejazwa mchanga. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea, Liemba.

Kutoka Liemba ningependa kurukia habari njema. Historia hairuhusu.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli iliyoundwa mwaka 1979, ilikuwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu, ambako wengi walipanda, halikuwa na orodha. Ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika. Haikugonga mwamba wala kugongwa na chombo kingine. Ililala upande, ikaendelea kulala, ikageuka tumbo juu.

Kwa muda ilielea hivyo, na waliofika kuokoa walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Kilichokuwa kikiishikilia meli juu ya maji kilikuwa hewa iliyonaswa ndani yake, hewa ileile waliyokuwa wakiivuta walionasa. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa, hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama. Siwezi kuwalaumu walioshika vifaa vile. Walisikia binadamu wakigonga. Ninalosema ni kwamba elimu ya kuelea, iliyokuwa vitabuni kwa miaka 250, haikuwapo pale ilipohitajika kwa dakika zile. Walikufa zaidi ya watu 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Tungeweza kutarajia kwamba hapo ndipo tungejifunza. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uwezo wake ulikuwa chini ya watu 700, waliokuwamo walizidi 2,000. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Chombo hicho kiliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Marekani, kikaletwa kukabiliana na mawimbi ya kusi katika mkondo wa Zanzibar. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia gati Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228.

Ukizisoma ajali hizi pamoja, tofauti na meli ya watalii inaonekana wazi, na haiko kwenye utajiri peke yake. Norwegian Dawn yenyewe ilipigwa na wimbi kubwa Aprili 2005 ikielekea New York. Madirisha yalivunjika, vyumba vikaingia maji, lakini ilibaki wima, kwa sababu uzito uliokuwamo ulikuwa ule uliopigiwa hesabu. Vyombo vyetu pia vilipigiwa hesabu na wahandisi. Hesabu hizo zilivunjwa gatini, na watu waliouza tiketi ya ziada na watu walioiruhusu meli iondoke.

Februari 2023 MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na nafasi ya abiria 1,200, iliteremshwa Ziwa Victoria. Ni chombo cha kujivunia, na namba hiyo ya 1,200 ndiyo inayopaswa kulindwa kuliko rangi yake.

Kuna jaribio ambalo kila meli hufanyiwa kabla ya kupewa abiria: mizigo ya uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda mwingine, timazi ikaonyesha meli imeinama kiasi gani, na kutokana na hapo hujulikana kitovu chake cha uzito kiko wapi. Matokeo yake hukaa kwenye majalada. Naiomba TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, yatolewe huko. Yabandikwe kwenye ukumbi wa kusubiria, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: jina la chombo, tarehe ya jaribio la mwisho, idadi ya juu ya abiria, uzito wa juu wa shehena. Pembeni iandikwe idadi ya tiketi zilizouzwa kwa safari ya siku hiyo.

Na wewe unayeshuka kutoka Usangi, Gonja au Chome kwenda kumtembelea ndugu Unguja, ukifika pale gatini ukaona watu wamejaa hadi kwenye sitaha ya juu, usipande. Subiri chombo kinachofuata.