Mkia wa bakteria ulipogandishwa kwenye kioo

Mnamo 1676, Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliloweka pilipili manga katika maji akitaka kujua ukali wake unatoka wapi. Alipoyachungulia kwa lenzi aliyoisugua mwenyewe, alikuta vijidudu vinaogelea. Walikuwa bakteria. Wanaogeleaje? Swali hilo lilisubiri karibu miaka 300.

Wataalamu wengi waliamini kwamba flajela, yaani mkia wa bakteria, hupiga maji huku na huko kama mkia wa samaki. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson waliandika katika jarida la Nature kwamba sivyo: mkia unazunguka, kama pangaboi la meli. Gurudumu ndani ya kiumbe hai! Haikuwa rahisi kuaminika.

Ushahidi ulikuja mwaka uliofuata kutoka San Diego, Marekani, na kwangu mimi ni vigumu kupata jaribio zuri kulishinda hilo. Michael Silverman na Melvin Simon walitumia kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye kitu maalumu, kuugandisha mkia wa bakteria kwenye kioo. Mkia ukiwa umenaswa, hadubini ilionyesha mwili mzima wa bakteria ukizunguka: unakwenda upande mmoja, unasita, unageukia upande wa pili. Mkia wa kupunga usingeweza kuuzungusha mwili namna ile.

Likabaki swali la nishati. Misuli yetu huendeshwa na ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, lakini maabara ya Julius Adler huko Wisconsin ilionyesha mwaka 1974 kwamba mota inayouzungusha mkia wa bakteria haiitegemei. Mwaka 1977 Michael Manson, Berg na wenzao waliwanyima chakula bakteria wa jamii ya Streptococcus hadi wakatulia tuli, kisha wakatengeneza tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya utando wa seli. Wakiwa na njaa ile ile, bakteria wakaanza kuogelea!

Kilichowasukuma ni protoni, chembe zenye chaji chanya ya umeme. Bakteria husukuma protoni nje ya utando; zikijaa huko hulazimika kurudi, kama maji yaliyozuiwa na bwawa, na njia mojawapo ni mifereji ya protini inayoizingira mota. Zinapopita, mota inazunguka. Mwingereza Peter Mitchell alikuwa ameieleza nguvu hiyo tangu 1961, akapingwa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ya kemia alipewa mwaka 1978.

Si bakteria wote wanaotumia protoni: wale wa jamii ya Vibrio waishio baharini hutumia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na mota ya mmoja wao imepimwa ikizunguka mara 1,700 kwa sekunde. Vibrio anayeleta kipindupindu naye huendesha mkia wake kwa sodiamu.