Shimo Jeusi: Historia ya Jina na Milinganyo Yake

Hesabu ya shimo jeusi ilitangulia jina lake kwa takriban nusu karne. Mnamo Desemba 1915, Karl Schwarzschild, mwanafalaki Mjerumani aliyekuwa vitani, alimwandikia Albert Einstein kumweleza suluhisho kamili la kwanza la milinganyo ya nadharia mpya ya mvutano. Alifariki Mei 1916. Ndani ya suluhisho hilo mlikuwa na mpaka wa ajabu, ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa kasoro ya hesabu tu.

Wanafizikia wa Muungano wa Kisovieti walizoea kusema "nyota iliyoganda", kwa kuwa mtazamaji aliye mbali huiona nyota inayoporomoka ikipunguza mwendo bila kuufikia mpaka ule. Wenzao wa Magharibi walisema "nyota iliyoporomoka". Kila jina lilifumbata upande mmoja wa jambo na kuuficha wa pili, hadi David Finkelstein alipobainisha mwaka 1958 kwamba mpaka huo hupitika kuelekea ndani tu. "Shimo jeusi" lilichapishwa mwaka 1964 katika taarifa ya mwandishi wa habari Ann Ewing, na John Wheeler akalieneza kuanzia 1967, mwaka ule ule BAKITA ilipoundwa. Kiswahili kililitafsiri neno kwa neno, likaingia katika ngeli ya LI-YA bila taabu. Taabu imo katika maana.

Kwa Einstein, shimo lisilozunguka wala kubeba chaji ni la namna moja tu. Tungamo pekee ndilo hulitofautisha na jingine. Lakini mwaka 1971 David Lovelock alionyesha kwamba, dimensheni zikizidi nne, milinganyo huweza kuongezewa vipengele vyenye mpindo wa kipeo cha pili au zaidi, nayo ikabaki na daraja lake lile lile. David Boulware na Stanley Deser walipoitatua mwaka 1985 walipata matawi mawili: moja hukaribia suluhisho la Einstein kadiri umbali unavyoongezeka, la pili si thabiti. Aidha, katika dimensheni tano, tungamo likiwa dogo mno, hata tawi la kwanza hukosa mpaka, na palipotarajiwa shimo hapana shimo. Katika dimensheni nne, ambako daraja la milinganyo lazima lipande, H. Lü, A. Perkins, C. N. Pope na K. S. Stelle walitangaza mwaka 2015 kwamba kando ya shimo la Schwarzschild lipo la pili, lisilo lake.

Kwa mtunga kamusi hili si jambo dogo. Fasili inayoanza kwa "nyota iliyokufa" hueleza asili ya baadhi ya mashimo haya, wala haigusi masuluhisho ambayo hayakuwahi kuwa na nyota, likiwamo la Schwarzschild lenyewe. Kinachoyaunganisha yote ni mpaka usio na marejeo, na neno hilo, mpaka, ndilo linalostahili kutangulia katika fasili.