Magari ya haibridi yaliyotembea sana: mambo ya kukagua kabla ya safari ndefu

Magari madogo ya haibridi yaliyotumika Japani, hasa Toyota Prius na Toyota Aqua, yamekuwa bidhaa ya kawaida katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Baadhi hubaki Kenya na Tanzania kama teksi na magari ya mizigo midogo. Mengine huendelea kwa barabara hadi Uganda, Zambia au Malawi. Gari la namna hii likitunzwa hufanya kazi miaka mingi, lakini linazeeka kwa njia tofauti na gari la petroli, na gereji nyingi za barabarani hazijaizoea tofauti hiyo.

Sababu ya kulinunua ni mafuta. Tuseme gari la biashara linatembea kilomita 60,000 kwa mwaka. Likienda kilomita 20 kwa lita litatumia lita 3,000. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 5,000. Hizo lita 2,000 ndizo faida ya mwenye gari, na humo humo ndimo inamotakiwa kutoka akiba ya betri. Anayekula faida yote kila mwezi atafika siku ya betri mikono mitupu, na hapo ndipo huanza matengenezo ya kubabaisha.

Umri wa gari nao una bei yake mpakani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yalipotengenezwa. Tanzania huyapokea magari ya zamani lakini hutoza ushuru wa ziada yakizidi miaka 8. Rwanda, ambayo hutumia usukani wa kushoto, iliyasamehe kodi magari ya haibridi mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikarudisha kodi, na ushuru hupanda kadiri gari linavyozeeka.

Betri kubwa

Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, iliyouzwa kati ya mwaka 2003 na 2015, ina betri ya nikeli yenye vipande 28, jumla ya volti 201.6. Aqua, iliyoanza kuuzwa Desemba 2011, ina vipande 20 na volti 144. Betri hii haifi yote siku moja. Kipande kimoja huchoka kabla ya vingine, kompyuta ikaona tofauti na kuwasha taa ya onyo, mara nyingi kwa msimbo P0A80.

Fundi wengi hubadilisha kipande hicho tu, na gari hutoka gereji likiwa zima. Shida ni kwamba vile 27 vilivyobaki vina umri ule ule na vimefanya kazi ile ile. Kipande kipya kati ya vikongwe hakilingani navyo, na baada ya miezi michache kingine hufuata. Kwa gari linalouzwa kesho muuzaji anaweza kuiona hesabu hiyo kuwa nzuri. Kwa gari la kuvuka mipaka kila wiki ni hasara, maana gharama ya kukwama Tunduma au Malaba huzidi kile kilichookolewa. Mnunuzi aulize kama betri imewahi kufunguliwa, na aombe kuiona mashine ya kupimia ikisoma volti za kila kundi la vipande wakati gari linapanda mlima, si likiwa limesimama.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hii. Hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Tundu la hewa liko pembeni mwa kiti cha nyuma kwenye Prius, na chini ya kiti cha nyuma kwenye Aqua. Mfanyabiashara anayejaza kiti cha nyuma magunia na maboksi huliziba bila kujua. Vumbi la barabara za changarawe, nyuzi za viti na nywele hufanya kazi ile ile polepole. Kufungua feni na kuisafisha ni kazi ya saa moja au mbili. Pengine hakuna matengenezo mengine ya gari hili yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo.

Foleni ya mpakani ina kosa lake. Dereva huweka gia N, akaacha kiyoyozi kikifanya kazi, akasubiri saa nzima. Katika N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inaunguruma, na kiyoyozi kinaendelea kuimaliza. Gari liwekwe P. Vilevile petroli isiachwe iishe. Gari hili halina stata ya kawaida. Injini huwashwa na betri kubwa. Madereva wanaopeleka magari ya transiti wakiwa na mafuta ya kupimiwa huendelea kwa umeme petroli inapokwisha, na baada ya kilomita chache hawana petroli wala umeme wa kuwashia injini hata petroli ikipatikana. Gari linalokaa yadi kwa miezi likisubiri forodha nalo hupoteza chaji kidogo kidogo. Liwashwe mara kwa mara na kuachwa lijichaji.

Betri ndogo

Ile ya volti 12 ndiyo huwasha kompyuta zote. Ikichoka, dashibodi hujaa taa za kutisha na mwenye gari huambiwa betri kubwa imekufa. Ipimwe hii kwanza. Katika magari ambayo betri ndogo iko ndani ya bodi, buti au chini ya kiti, inatakiwa ya aina iliyofungwa yenye bomba la kutoa gesi nje. Betri ya maji iliyochomekwa hapo kwa sababu ni rahisi humwachia abiria gesi inayoweza kulipuka. Wakati wa kubusti, nyaya zikigeuzwa zinaweza kuunguza inveta. Na haibridi isitumike kubusti lori: lori ni la volti 24.

Inveta na injini

Inveta ina maji yake ya kupoza na pampu yake ya umeme, mbali na rejeta ya injini. Kwenye Prius ya kizazi cha pili pampu hiyo ina historia ya kufa, nayo hufa kimya: gari hutembea vizuri mjini, likafika mlima kama Kitonga likajizima. Namna ya kukagua ni nyepesi. Gari likiwa limewashwa, maji yaonekane yakizunguka ndani ya tangi dogo. Yakitulia, safari isianze.

Injini ya Prius ya kizazi cha tatu ina ugonjwa unaojulikana: njia ya kurudisha moshi huziba kwa masizi, na baada ya kilomita nyingi gasketi ya silinda hedi huachia. Dalili ni injini kutikisika kwa nguvu asubuhi na maji kupungua bila kuvuja chini. Anayesafisha njia hiyo mapema hukwepa kazi kubwa baadaye.

Breki

Hapa ndipo maisha ya watu yalipo. Kwa kuwa mota hupunguza mwendo, pedi hukaa muda mrefu sana, na fundi akiona pedi nene huondoka ameridhika. Lakini kalipa isiyofanya kazi hushika kutu na kung'ang'ania. Zifunguliwe, zisafishwe na kulainishwa hata kama pedi ni nzima.

Presha ya breki nayo hutengenezwa na pampu ya umeme. Gari likiwa limewashwa na mguu uko mbali na pedeli, pampu ikisikika ikiunguruma kila baada ya sekunde chache, presha inavuja. Gari hilo lisiende safari. Kutoa hewa kwenye mfumo huu huhitaji mashine ya kompyuta. Kukanyaga pedeli na kulegeza nati peke yake kunaweza kuacha hewa ndani.

Kwenye mteremko mrefu, kama wa Mai Mahiu au ule wa Tukuyu kwenda Kyela, betri hujaa kabla ya chini na mota huacha kusaidia. Dereva aliyezoea wepesi wa juu hushangaa pedi zikianza kuungua. Gia B ipo kwa ajili hiyo, na iwekwe mteremko unapoanza.

Volti na rekodi

Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Kabla ya kuzigusa, gari huzimwa, betri ndogo hutolewa, plagi ya usalama huvutwa kwa glavu maalumu za umeme, na fundi husubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Gereji isiyo na glavu hizo isipewe kazi hiyo.

Namba ya chesisi nayo ichunguzwe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Februari 2014 Toyota iliyaita Prius za kizazi cha tatu milioni 1.9 duniani kwa kasoro ya programu ya inveta, na Honda iliyaita magari yake ya Fit Hybrid mara kadhaa nchini Japani mwaka 2013 na 2014. Barua za wito huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa, hivyo gari linaweza kufika Afrika halijarekebishwa. Mikoba ya hewa ya Takata iangaliwe kwa njia hiyo hiyo.

Gari likikwama, lisivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini. Magurudumu hayo yakizunguka, mota huzunguka nayo na kuzalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Lipandishwe juu ya gari la kubebea. Dereva aseme hivyo kwenye simu anapoomba msaada, kwa sababu wengi hufika na mnyororo tu.